Mtoko wa Waliochoka: Namna ya Kuizunguka Dar Bila Kuzunguka

Haya, sogeeni hapa nyie wawili. Mmefanya kazi siku sita. Mmoja anaamka saa kumi alfajiri kuwahi gari, mwingine analala saa sita usiku akimalizia vyombo na kunyoosha sare za shule. Leo Jumapili watoto wako kwa bibi yao. Mliahidiana mtoko mjini, mkatangaza mpaka kwa majirani, na sasa kila mmoja anaogopa kumwambia mwenzake kwamba anachokitamani ni kitanda.

Msiahirishe. Nendeni, ila nendeni kijanja. Nitawafundisha kuchakachua siku nzima: mtaona kidogo, mtatembea kidogo pia, na mtarudi mkiwa na sura za watu waliomaliza jiji.

1. Kateni orodha kabla ya kuvaa viatu

Orodha ndiyo inayoua mtoko. Makumbusho, Kariakoo, Kigamboni, Coco Beach, halafu "tupitie Tabata mara moja tumsalimie shangazi". Hiyo ni ziara ya mkuu wa mkoa, na yeye ana msafara wa magari.

Bakizeni vitu vitatu: kimoja cha kuona, kimoja cha kula, na mahali pamoja pa kukaa. Vyote viwe upande mmoja wa mji. Mimi nawapeleka Posta na Feri, kwa sababu Jumapili ofisi za huko zimefungwa na barabara zinapumua. Shangazi mpigieni simu Jumamosi jioni, muongee naye mpaka salio liishe. Atafurahi kuliko kuwaona mmekaa kwenye kochi lake mkisinzia.

Kariakoo futeni kabisa. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Pale watu wanakwenda kubeba. Nyie leo mnakwenda kutua.

2. Chelewa kutoka, wahi kukaa

Tokeni saa nne asubuhi. Kunyweni chai nyumbani, tena nzito, na chapati au kiporo cha wali. Mwenye njaa hugombana kituoni.

Kuhusu kiti, sitaki mchezo. Mtoko ulioanza kwa kusimama, huku mkoba wa mtu umekugandamiza shavuni, umekwisha kabla haujaanza. Kama mnakaa katikati ya njia, fanyeni wanachofanya wajanja wote wa jiji hili: geuzeni na gari. Pandeni linaloelekea mwisho wa njia, lipeni nauli hiyo ya ziada kwa moyo mweupe, mkae, ligeuke nanyi. Hakuna pesa mtakayoitumia vizuri zaidi siku hiyo. Wa Kimara mna bahati yenu, mwendokasi linaanzia kwenu na lina njia yake peke yake tangu 2016. Kaeni upande usio na jua. Shukeni Posta ya Zamani.

3. Picha kwanza, jasho baadaye

Tusifichane. Picha mnazitaka. Mmoja wenu ameshaandaa na maneno ya kuweka kwenye status. Basi pigeni mapema, kabla poda haijayeyuka na kola haijalowa.

Mkishuka tu, mnara wa Azania Front uko mbele yenu, lile kanisa la Kilutheri ambalo Wajerumani walianza kulijenga 1898. Hiyo picha ya kwanza. Pandeni taratibu mpaka makutano ya Samora na Maktaba, kwenye Sanamu ya Askari. Yule mwanajeshi wa shaba amesimama pale tangu 1927, bunduki mkononi, ameielekea bandari. Hiyo ya pili. Ya tatu mtapiga baharini, nitawaambia wapi.

Sasa siri: bebeni mtandio wa pili na shati la pili kwenye mkoba. Mkibadilisha kati ya picha na picha, Jumapili moja inaonekana kama wikiendi mbili. Msiziweke zote kwa mkupuo. Moja leo, moja Jumatano, moja mwisho wa mwezi mshahara ukichelewa. Na mkisogea upande wa Ikulu, simu iingie mfukoni. Pale hapapigwi picha.

4. Oneni kitu kimoja, mkione kweli

Watu wakiingia makumbusho husoma kila kibao, na kufika chumba cha tatu hawakumbuki cha kwanza. Nyie msifanye hivyo. Ingieni Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ulizeni lilipo fuvu la kale la Zinjanthropus, mwende moja kwa moja.

Simameni hapo dakika kumi. Yatazameni yale magego, mapana kuliko ya mtu yeyote mnayemjua. Kiumbe huyu aliishi miaka milioni 1.75 iliyopita, na hilo "Zinj" katika jina lake ni jina la kale la pwani yetu hii ya Afrika Mashariki.

Halafu mkumbuke alivyopatikana, maana kisa hiki ni chenu. Tarehe 17 Julai 1959, pale bonde la Olduvai, mtafiti Louis Leakey alikuwa amelala kambini, anaumwa. Mkewe Mary akatoka na mbwa wao, akaona mfupa umechomoza kwenye mteremko. Akarudi mbio kumwita mumewe, naye akanyanyuka kitandani kwenda kuangalia. Mmoja alipumzika, mwingine akatembea, na jina la familia likaingia vitabuni.

Igeni hapo hapo. Nje kuna bustani na kivuli. Mwenye miguu inayouma akae, mwenye nguvu azunguke vyumba vilivyobaki, kisha arudi kumsimulia mwenzake. Msimuliaji atanogesha, atakosea kidogo, atacheka. Mtakuwa mmeona makumbusho yote mawili: yale ya ndani, na yale aliyoyarudisha yeye kichwani. Dakika 40 zikitimia, tokeni.

5. Kuleni Feri, ila msinunue kitoweo cha kwenda nacho

Kuanzia hapo chukueni bajaji mpaka Feri. Ni karibu, mnaweza kutembea, na ndiyo maana nasema chukueni bajaji. Nguvu hiyo mtaihitaji.

Soko la samaki lina kelele, lina harufu, na lina samaki aliyekuwa baharini jana usiku. Chagueni mmoja, changu au kibua, akaangwe hapo hapo, mletewe na ugali, ndimu na pilipili. Kaeni ukutani, mgongo upate pa kuegemea. Kuleni kwa mikono na msiongee mpaka mfike kwenye mifupa.

Kisha itakuja ile tamaa: "Bei hapa nzuri, tuchukue kilo mbili za nyumbani." Kataeni. Ukishabeba samaki mbichi, siku si yako tena, ni ya samaki. Mtatafuta barafu, mtatafuta mfuko wa pili, mtaharakisha kila kitu, na ndani ya basi mtatazamwa. Kitoweo kipo sokoni kwenu.

6. Vukeni bahari, halafu mkae

Huu ndio ujanja mkubwa kuliko wote. Watu hutafuta safari ya baharini kwa pesa nyingi, na hapo Magogoni kuna kivuko ambacho nauli yake haifikii bei ya soda. Pandeni. Sogeeni pembeni, kwenye upepo. Meli zinaingia bandarini, mitumbwi inapita, majengo ya Posta yanarudi nyuma kidogo kidogo. Picha ya tatu ni hapo. Haijaisha hata robo saa, mmeshavuka bahari. Hakuna atakayewauliza ilikuwa pana kiasi gani.

Mkifika Kigamboni msiende popote. Msikubali bodaboda wa kuwapeleka fukwe za mbali. Tafuteni muuza madafu, tafuteni kivuli, kaeni.

Nitawaambia kwa nini nasisitiza. Mke wangu ni fundi cherehani. Siku ya mtoko wetu mmoja tulikaa ng'ambo hiyo, akavua viatu, akashika dafu kwa mikono miwili. Nikaona kidole gumba chake cha kushoto. Kilikuwa na vitundu vidogo vya sindano, vingine vimepona, vingine vya wiki ile ile, na ngozi ya pembeni imekuwa ngumu kama ya kisigino. Nakaa na mkono huo nyumba moja, nakula chakula chake kila siku, na nilikuwa sijauona kwa miezi. Nikamuuliza, "Hiki kinauma?" Akasema, "Sasa hivi hapana." Tukakaa saa nzima. Hatukuzungumza jambo kubwa. Tulizungumza yote madogo ambayo huwa tunayalalia.

Hayo yote niliyowafundisha kuyakata, nimeyakata kwa ajili ya saa hiyo.

7. Gombaneni mara moja, kwa muda maalumu

Mtagombana. Watu waliochoka hugombana, hata wakipendana namna gani. Sisi mwaka mmoja tulikwenda na orodha ndefu, jua la saa saba likatukuta tunabishana juu ya viatu vya mtoto, kwamba vitambana au havitambana, mbele ya muuzaji aliyeanza kumtetea mke wangu. Tukarudi nyumbani viti tofauti. Kumbe hapakuwa na ugomvi wa viatu. Palikuwa na kiu.

Kwa hiyo wekeni kanuni: akianza mmoja kunung'unika, mwingine anunue maji baridi, wote wakae chini na kunywa mpaka chupa iishe. Kilichobaki baada ya chupa kuisha ndicho cha kuzungumzia. Mara nyingi hamtakikuta.

8. Zawadi nunueni mlangoni kwenu

Watoto watauliza mmewaletea nini. Ahadi ni ahadi. Lakini kwa nini mbebe mananasi kutoka mjini, wakati mama muuza matunda yuko hatua 20 kutoka nyumbani kwenu? Nunueni kwake. Ongezeni kashata. Mkikabidhi, semeni tu, "Tumewaletea." Kila neno ni kweli.

Majirani nao wataulizia. Jibu liwe fupi: "Tulikuwa mjini, tukavuka na bahari." Mkimaliza hapo, nyamazeni. Wao wenyewe watajaza yaliyobaki, na watajaza vizuri kuliko ambavyo mngeweza kutembea.

9. Rudini kukiwa bado kutamu

Saa kumi ikigonga, geukeni, mvuke tena. Msisubiri jua lizame. Kila mtu anayesubiri jua lizame anarudi nalo kwenye basi moja. Kivukoni ndipo mwendokasi la Kimara linapoanzia, kwa hiyo kiti mnacho tena, na safari hii si cha kukaa tu, ni cha kulala. Anayekaa dirishani alale, wa pembeni ashike mkoba na kuhesabu vituo.

Siku ile ya madafu mimi ndiye niliyekaa pembeni. Kabla ya Magomeni kichwa cha mke wangu kilikuwa begani kwangu, mdomo wazi kidogo, anapumua ile pumzi ndefu ambayo nyumbani haipati mpaka usiku wa manane. Sisi hushuka Baruti. Milango ikafunguka, watu wakashuka, nikautazama mkono wake umelegea juu ya mkoba, kile kidole gumba kimeangalia juu. Milango ikafungwa. Nikaacha basi litupeleke mpaka Kimara mwisho.

Kama itawatokea hivyo, msimwamshe. Nauli ya kurudi vituo vitatu ipo mfukoni. Niliwaambia mapema ni pesa gani mtaitumia vizuri.