Muulize Shangazi Jasho: Singeli, Mipasho na Spika Isiyo na Adabu

Shangazi Jasho hujibu barua za wanaoteseka jimu, uwanjani na ufukweni. Shahada hana. Ana raba na ulimi.

*Shangazi, shikamoo. Nafundisha aerobiki Sinza kila Jumamosi asubuhi. Vijana wanataka singeli, akina mama wanataka rumba ya Kongo. Nikipiga singeli akina mama wanakaa chini. Nikipiga rumba vijana wanatoa simu. Nifanyeje?*
– Mwalimu Njia Panda

Marahaba, mwanangu. Umekosea ulipowauliza wanataka nini. Darasa la mazoezi si harusi. Hapa hakuna aliyechangia kamati hata amchagulie DJ nyimbo.

Kabla ya kubishana, hesabu. Shika saa, hesabu midundo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Singeli utaikuta kati ya 200 na 300 kwa dakika. Mtu aliyekunywa chai na chapati mbili hawezi kukanyaga mara 240 kwa dakika, na wala hakuna aliyemlazimisha. Mwambie akanyage mdundo mmoja, auache unaofuata. 240 yako imeshuka hadi 120, na akina mama wamo. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, aliyechunguza muziki na mazoezi kwa miaka mingi, anaona kwamba midundo 120 hadi 140 ndiyo inayowafaa wengi kwenye mazoezi ya aina hii. Vijana wenye haraka zao waachie mikono waipepee kwa kasi yote. Wimbo ni uleule.

Rumba nayo usiitupe. Nyimbo nyingi za Kikongo zimejipanga zenyewe: zinaanza polepole, mtu analalamikia mapenzi, halafu gitaa linashika sebene na hakuna anayebaki kitini. Pasha misuli kwenye malalamiko, ruka kwenye sebene. Amapiano, yenye 110 hadi 115, iweke kwenye kuchuchumaa na kuinuka, maana pale mwendo wa haraka haufai.

Jingine: stepu zako ziende nane nne, yaani 32, kwa sababu nyimbo nyingi za kuchezeka zimejengwa hivyo. Ukibadilisha stepu kwenye 20, wa kulia anakwenda kushoto, na kuna mama mmoja mwenye mwili anakuja kwako.

*Shangazi, darasani kwetu mwalimu anamalizia kwa taarab ya kisasa tukinyoosha viungo. Kuna dada mstari wa mbele, kila ukifika mstari wenye kijembe ananigeukia na kuninyooshea kidole. Sisi tuna mambo yetu ya zamani. Je, ni mazoezi au ni mimi?*
– Nimechoka Kunyooshewa, Magomeni

Ni wewe, mama. Kidole si kiungo kinachonyooshwa kwa dakika tatu.

Lakini lawama kubwa naipeleka kwa mwalimu. Kwa mwendo wake taarab inafaa kabisa kupoza mwili: ni ndefu, haina haraka, unanyoosha paja la kulia na la kushoto wimbo bado unaendelea. Tatizo ni kwamba mipasho imetungwa ipate mlengwa. Ukumbini mtu akiguswa na mstari huinuka na noti, akapita mbele ya adui yake taratibu kabisa, akamtunza mwimbaji. Huo ndio utamu wake. Sasa mwalimu anawaweka watu walionuniana tangu kikoba kilipovunjika kwenye mikeka iliyopakana, kisha anafungulia mipasho! Apige ala tupu: kanuni, fidla na udi, bila mwenye kusema neno. Wewe kwa leo hamia mstari wa nyuma. Ukiona noti inatoka kwenye soksi, chukua mkeka wako uondoke.

*Mwalimu wetu anapiga muziki wa bure kutoka kwenye simu. Jana tumechuchumaa, mikono mbele, likaingia tangazo la mkopo wa haraka. Tukabaki hukohuko chini. Halafu mdai wake akapiga simu, ikasikika kwenye spika.*
– Mapaja Yanawaka, Tabata

Alipie programu au anunue flashi. Simu aiweke kwenye hali ya ndege kabla hatujajua anadaiwa na nani tena. Ila usimcheke sana: inasimuliwa kwamba Zumba ilizaliwa Cali, Kolombia, miaka ya 1990, baada ya Beto Pérez kusahau kaseti zake za aerobiki na kuwapigia wanafunzi salsa na merenge alizokuwa nazo. Tofauti ni kwamba yeye alisahau kaseti, wenu kasahau deni.

*Mimi si mwanamazoezi. Ni fundi cherehani, nimepakana ukuta na jimu. Saa kumi na mbili asubuhi besi inaanza, mguu wangu kwenye pedali unaifuata wenyewe. Juzi nimeshona mkono wa suti kwa singeli. Umetokea mguu wa suruali.*
– Fundi, Kariakoo

Pole, fundi. Mwenye jimu mwambie mambo mawili. Spika aitoe ukutani na sakafuni, aiweke juu ya stendi yenye mpira; besi ikishika zege inasafiri hadi kwako. Na sauti aipunguze kwa faida ya wateja wake. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inashauri mfanyakazi asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, hata ukifika 100 unabaki na dakika 15 tu. Mwalimu wa vipindi vitatu kwa siku anaumaliza muda huo kabla hajavua sweta. Dalili ni rahisi: mkilazimika kupigiana kelele ilhali mko umbali wa mkono mmoja, imezidi.

Akikataa, nenda kwa mjumbe.

Na lile dera langu la send-off ya Ijumaa, nakuomba ulishone mchana.