Miaka Kumi Chini ya Mabati

Sheria inataka karatasi za biashara ziishi miaka 10. Aliyeitunga hajawahi kulala chini ya mabati ya Bulengera, hapa Butembo, mvua ikinyesha.

Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na tangu hapo madaftari ya hesabu, pamoja na kila faktire inayoyathibitisha, yanatakiwa kutunzwa miaka hiyo 10. Ukivuka mpaka wa Kasindi ukafika Mpondwe, upande wa Uganda, sheria ya kodi inakudai miaka 5 tu. Faktire ya shehena ileile, ikipanda lori kuja Butembo, inaongezewa umri njiani. Sisi binadamu hatujapata lori la namna hiyo.

Baba mdogo ana butiki ya vifaa vya ujenzi, na mimi ndiye mwandishi wake. Mvua tuliiweza kwa sanduku la chuma, panya tukawaletea paka. Kilichotushinda ni risiti za mashine: unazifungia zikiwa na maandishi, ukizifungua ni nyeupe, kama karatasi ya mwanafunzi aliyekosa jibu. Hizo zipigie fotokopi siku hiyohiyo.

Lakini aliyetumaliza ni shangazi. Anauza karanga za kukaanga mlangoni petu, na lile sanduku aliliona ni zawadi ya Mungu. Tuligundua siku fundi mmoja alipoingia kuulizia simenti. Nilipomtajia bei, akatoa mfukoni kifuko cha karanga, akakikunjua taratibu, akasoma kwa sauti bei tuliyoinunulia sisi. Muhuri ulikuwepo, sahihi ilikuwepo, na chumvi pia. Baba mdogo alipunguza bila kubishana.

Shangazi alipoulizwa hakutikisika. "Nyinyi ni watu wa miaka kumi. Mimi mchuuzi, sheria inanidai mitano."

Nani alimfundisha, sijui, maana hakukosea. OHADA inamtaka mfanyabiashara mdogo, yule anayejiandikisha kama entreprenant, atunze daftari lake la kila siku angalau miaka 5. Daftari lake, lakini, siyo faktire za ndugu zake!

Sanduku sasa lina kufuli, na ufunguo analala nao baba mdogo. Kwa hiyo ndugu wateja, wakaguzi wa kodi wa DGI hawapigi hodi mara mbili: ukila karanga ukakuta muhuri wetu kwenye kifuko, tuletee. Tutakupa kingine, cha gazeti.