Mwongozo wa Kuugua Birmingham

Ndugu mgeni, simu ya zahanati hupigwa saa mbili kamili asubuhi. Ikigonga saa mbili na robo, nafasi zimekwisha, basi jitahidi kuugua mapema. Kujiandikisha hakuhitaji paspoti wala hati ya makazi. Ndivyo NHS yenyewe, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, inavyosema. Ukiambiwa vingine dirishani, omba uandikiwe.

Kisha fomu ya asili yako. Sensa ya 2021 ilikuta zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji hili si wazungu, ila visanduku havijapata habari. Msomali wa Small Heath, Mkikuyu na Mmakonde wanabanana kwenye kimoja. Mzee wa Kihindi aliyefukuzwa Kampala na Idi Amin mwaka 1972, anayekushinda kutukana kwa Kiswahili, ni Mwasia. Bibi wa Unguja mwenye ukoo Muscat na mama wa Kingazija? Aweke "Nyinginezo". Huko hakosi wenzake.

Ukalimani ni bure, kwa hiyo mtoto mwache shule. Hata ungemchukua, habari za hedhi yako angezitafsiri "tumbo". Mkalimani wa simu huenda akawa wa Bukavu nawe wa Mombasa. Semeni polepole.

Daktari akikuuliza hali, adabu ya kwenu iweke mfukoni: ukijibu "sijambo" ataandika hujambo. Maumivu hupimwa kuanzia sifuri mpaka kumi. Ukisema tatu kwa kuona haya, utapewa panadol. Ukisema kumi, umezidisha. Mama mjamzito mweusi asione haya hata kidogo, kwa kuwa ripoti za vifo vya uzazi Uingereza, mwaka baada ya mwaka, zinaonyesha wenzake wakifa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wazungu.

Jihadhari na kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni. Kina heshima ya kupindukia: ngozi nyeusi huisomea oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Watafiti wa Marekani walilisema hilo 2020, na tume iliyoundwa na serikali ya Uingereza ikalikubali Machi 2024. Kikisema 95 nawe unahema, waambie unahema.

Na kama wewe ndiye nesi, uliyeletwa na mkataba wa Kenya na Uingereza wa 2021, umeshika mkono wa mgonjwa unautafuta mshipa, naye anauliza nesi atakuja lini, vumilia. Akikutukania rangi, tangu Aprili 2020 hospitali ina ruhusa ya kumnyima matibabu, isipokuwa ya dharura. Kwa hiyo mpime presha kwanza. Ikiwa ya hatari, endelea kutukanwa.