Mhadhara Mkuu wa Kujisomea, Uliotolewa Usa River na Mtaalamu Mwenyewe

Wazazi wenzangu, wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, tulieni.

Aliyesimama mbele yenu ni bingwa wa kujisomea. Nani kanipa ubingwa? Swali la kitoto hilo. Mlima Meru nao ulipewa urefu na nani?

Mwaka 1967, Februari, Azimio la Arusha likatangazwa. Machi, Mwalimu Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka mzuri, sina neno, ila haukusema ni nani atakayewasimamia watu wakijitegemea. Pengo hilo lilibaki wazi mpaka nilipopanga chumba hiki nyuma ya duka la saruji.

Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Wapo wanaodhani kujisomea ni kukaa na kitabu. Masikini! Kwanza ni ratiba. Yangu ina rangi saba; kuichora vizuri ni wiki mbili, na katika wiki hizo usiguse kitabu, utaichafua. Kisha unapiga msuli usiku kucha, miguu kwenye beseni la maji baridi. Maji yetu ya mlimani, mwezi Juni, yanafukuza usingizi pamoja na mwenye nao.

Sasa nieleze uasi niliouona kwa macho yangu. Binti mmoja wa mchepuo wa PCB, hapo Leganga, alisoma kurasa mbili za mzunguko wa damu, akafunga daftari. Akalifunga! Akachora moyo kwa kichwa, akafungua, akajisahihisha kwa peni nyekundu pale alipochanganya vali. Keshokutwa yake akauchora upya. Jumamosi mama yake akipeleka ndizi gulio la Tengeru, yeye hutega saa mezani na kufanya mtihani wa miaka ya nyuma, kimya. Akikwama, humfuata mwalimu wake na swali moja, tena lililoandikwa. Nikamuuliza, nani anakusimamia? "Shikamoo, mwalimu. Hakuna."

Hakuna! Watoto wakianza kujisahihisha wenyewe, sisi wataalamu tutakula nini?

Ndiyo maana nafungua tuisheni ya Kujisomea Peke Yako. Saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, kila siku, mahudhurio ni lazima. Kitini changu mtakikariri neno kwa neno, pamoja na sura ya nne, "Madhara ya Kukariri". Atakayekutwa anajisomea nyumbani bila kibali changu atasimamishwa. Na divisheni wani ya pointi tatu, yaani A tupu, namhakikishia kila atakayeipata.

Wewe binti wa nyuma, shusha mkono. Maswali yote nimeshayauliza mwenyewe mwisho wa kitini, na majibu yake yapo. Ada mpeni mke wangu hapo mlangoni. Wa mkopo wapitie kwangu kwanza, na mzazi.