Namna ya Kukalisha Kislovakia na Kitagalogi Meza Moja

Mahitaji: kahawa, sukari, meza, na Kiswahili chako. Kamusi iache kwanza rafuni.

Wageni wetu hawafahamiani. Kislovakia ni cha ukoo wa Kislavoni, ndugu wa Kicheki na Kipolandi, na wenyewe ni kama watu milioni 5 katikati ya Ulaya. Kitagalogi ni cha Manila na majimbo ya jirani huko Ufilipino, na ukoo wake unafika hadi kwa Kimalagasi cha Madagaska. Watu wakiziweka pamoja, huuliza kwanza ipi ngumu. Swali hilo liache mlangoni. Kila lugha ina mzigo wake. Kazi yako ni kuangalia imeubebea wapi.

Hatua ya 1: Mimina kahawa. Mslovakia anaiita *káva*, Mtagalogi *kape*. Tia sukari: *cukor* (tamka "tsukor") kwa mmoja, *asukal* kwa mwingine. Maneno yote haya, pamoja na yetu, yanarudi kwenye *qahwa* na *sukkar* za Kiarabu. Sisi wa Pwani tuliyapokea kwa Waarabu wenyewe, Wafilipino wakayapata kwa Wahispania, na Waslovakia yakawafikia kwa kupita nchi kadhaa za Ulaya. Hujanywa hata funda moja, na tayari umekuta jamaa.

Hatua ya 2: Tazama mkia wa kahawa ya Kislovakia. Kikombe cha kahawa ni *šálka kávy*. Nakunywa kahawa: *pijem kávu*. Kuhusu kahawa: *o káve*. Pamoja na kahawa: *s kávou*. Nomino ina hali sita, na ndiyo inayobeba mzigo. Kwa sababu hiyo maneno yanaweza kuhama. *Žena kúpila mame kávu*, mwanamke alimnunulia mama kahawa. Sema *Kávu kúpila mame žena*, na bado mnunuzi ni yule yule, mama ndiye anayekunywa. Kilichobadilika ni mkazo wa habari tu.

Usiogope. Wewe husema "kikombe changu kidogo kimevunjika" bila kuhesabu *ki* zako. Mslovakia naye ana ngeli tatu, nazo huzionyesha mwishoni mwa kivumishi: *malý stôl* meza ndogo, *malá šálka* kikombe kidogo, *malé okno* dirisha dogo. Tena anajua mahali kama wewe: *stôl* ikiwa na kitu juu yake inakuwa *na stole*, nawe unasema mezani.

Hatua ya 3: Nyambua kahawa ya Kitagalogi. Hapa nomino imetulia, mzigo uko kwenye kitenzi, na kahawa yenyewe inageuka kitenzi. *Nagkape*: amekwisha kunywa kahawa. *Nagkakape*: anainywa sasa. *Magkakape*: hajaanza, lakini atakunywa. Sikiliza hiyo *ka* inayorudiwa. Kazi isiyokwisha husemwa kwa silabi iliyorudiwa.

Kisha chukua *bili*, shina la kununua. *Bumili* inamweka mbele mnunuzi. *Binili* inakiweka mbele kilichonunuliwa. *Binilhan* inalitanguliza duka, *ibinili* inamtanguliza aliyenunuliwa kitu. Aliyekua na nunua, nunulia, nunuliwa na nunuliana hatakuwa mgeni hapa. Njia ni tofauti, lakini hisia ya kwamba kitenzi kimoja kinaweza kueleza nani, nini na kwa nani unayo tangu utotoni.

Hatua ya 4: Andaa ulimi. Waslovakia wana *vlk* (mbwa mwitu), *prst* (kidole) na *krk* (shingo). Usitafute irabu. Hiyo *l* na hiyo *r* zinabeba silabi, kama *m* inavyoibeba katika "mtu". Watagalogi huanza neno kwa sauti *ng'* ya "ng'ombe": *ngayon* ni sasa, *ngipin* ni jino. Mzungumzaji wa Kiswahili halazimiki kuisomea.

Angalia pia mkazo. Mslovakia huuweka silabi ya kwanza daima, sisi ya pili kutoka mwisho, na Mtagalogi huuhamisha maana nayo ikahama: *báka* ni ng'ombe, *baká* ni huenda. Ukijua tofauti ya barabara ya magari na barabara ya sawasawa, umeelewa.

Hatua ya 5: Karibisha kwa adabu. Rafiki muulize kwa Kislovakia *Dáš si kávu?* Mzee muulize *Dáte si kávu?*, kwa wingi ingawa yuko peke yake. Kwa Mtagalogi, mkubwa anapewa *po*, neno dogo lisilotafsirika lakini likikosekana linasikika, kama kijana aliyepita bila shikamoo.

Kisha kuwa mwangalifu na "sisi". *Magkape tayo* ni tunywe kahawa, wewe ukiwemo. *Nagkape kami* ni tumekunywa, wewe hukuwepo. "Tumekunywa" yetu inamwacha mgeni akijiuliza kama alihesabiwa.

Hatua ya 6: Uliza kila lugha ilisimikwa lini. Mwaka 1843 Waslovakia watatu, Ľudovít Štúr, Jozef Miloslav Hurban na Michal Miloslav Hodža, walikutana kijijini Hlboké kujadili Kislovakia sanifu kitakachojengwa juu ya lahaja za kati. Tarehe 30 Desemba 1937 Rais Manuel Quezon alitangaza Kitagalogi kuwa msingi wa lugha ya taifa la Ufilipino. Kiunguja chetu kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu huko Mombasa mwaka 1928. Lugha zote tatu zina watu waliokaa kitako wakaamua kwamba maneno ya nyumbani yanatosha kuandikia vitabu. Ziheshimu kwa hilo kabla ya kuzipima kwa chochote kingine.

Hatua ya 7: Shukuru, uondoke. Bratislava sema *ďakujem*. Manila sema *salamat po*. Hilo la pili halina haja ya kufundishwa mtu wa Pwani: limetoka kwa Waarabu pamoja na "salama" tunayoagania kila siku.