Kabla Hujainua Kandambili: Namna ya Kumtambua Mjusi wa Jangwani Nyumbani Maskati

Kelele za mjusi ni zilezile katika nyumba zote za Maskati, kuanzia Sib mpaka Wadi Kabir. Huanza mtoto jikoni, mama yake akazipokea, kisha baba, mtu mzima mwenye kanzu iliyopigwa pasi na ndevu zilizochanwa vizuri, akaonekana amesimama juu ya kiti akiuliza, "Mkubwa?" Swali hilo halifai kitu, kwa sababu mjusi anayetazamwa na mwenye hofu huwa mkubwa siku zote. Ya kuuliza ni manne: saa hizi ni saa ngapi, yuko wapi, mkia wake ukoje, na vidole vyake vikoje. Mwenye kuyajibu hayo, hata akiwa bado juu ya kiti, ameshamjua mgeni wake, na kandambili inaweza kurudi mguuni.

Nalisema hili kwa moyo wote. Mijusi wa Oman ni utajiri wa nchi, wapo ambao hawaonekani popote duniani nje ya milima hii na majirani zake, na hakuna hata mmoja mwenye sumu ya kumuua mtu. Tunaishi nao ukuta mmoja tangu wazee wetu walipoteremka kutoka Unguja na Pemba, na bado wengi wetu tunawaita wote jina moja, tunalitamka tukiwa tumekunja uso.

Basi anza na saa. Ikiwa ni usiku na yuko karibu na taa ya ukumbini, rangi yake imepauka kama ukuta wenyewe na tumbo lina manjano, huyo ni mjusi wa nyumbani wa kawaida, ambaye wanasayansi humwita Hemidactylus flaviviridis. Mtazame vidole: ni vipana, na chini vina mistari iliyopangana. Mistari hiyo imejaa vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwaka 2002 mtafiti Kellar Autumn na wenzake walionyesha kwamba hashiki ukuta kwa gundi wala kwa kunyonya hewa; ni mvutano mdogo wa molekuli kwa molekuli, uliozidishwa na wingi wa vinyweleo hivyo. Hana kope za kufumba, kwa hiyo husafisha macho kwa kuyalamba. Akija dirishani kwako kula mbu na nondo, hapo ndipo pa kumwonyesha mtoto tumbo lake kupitia kioo, maana kitabu hakitamwonyesha vizuri hivyo.

Asiyeonekana pia hujulikana. Ukikuta vinyesi vidogo vyeusi nyuma ya pazia, tazama ncha. Cha mjusi kina kidoa cheupe mwishoni. Cha panya hakina. Wangapi wametega mitego ya panya mwezi mzima kwa ajili ya mjusi mmoja aliyejificha nyuma ya kiyoyozi!

Ikiwa ni mchana, jua limewaka, na kuna mjusi mdogo wa urefu wa kidole amesimama juu ya ukuta wa uani kwa miguu iliyonyooka, kichwa juu, mkia umejikunja kwa juu, naomba kila mtu ndani ya nyumba aje amtazame. Huyu ni Pristurus, na kwangu hakuna mjusi wa Maskati anayempita. Jamaa zake wengi hutoka usiku. Yeye hutoka mchana kweupe. Mboni ya jicho lake ni ya duara, haina ule ufa wa kusimama walio nao wa usiku. Vidole vyake ni vyembamba, havina mistari ya kunasia, hivyo ukimwona mjusi anatembea juu ya kioo ujue si huyu. Na habari zake huzipeleka kwa mkia: huuinua, huukunja, huupunga, na mwenzake juu ya jiwe la pili humjibu kwa wake. Kaa kimya na kikombe chako cha kahawa, usipeleke kivuli chako juu yao, na utayaona mazungumzo mazima ya majirani wawili wanaogombania mpaka. Mawe ya Matrah yamejaa hao. Watu hupita hapo kila jioni wakitazama bahari, na hawajui kwamba nyuma yao kuna mkutano.

Hapa kuna suala la dini, na kwa watu wetu haliepukiki. Hadithi ya Mtume juu ya kumuua mjusi inajulikana kila baraza, na wa kuifafanua ni masheikh. Lakini hata mwenye kuishika kwa uzito wake anapaswa kumjua aliye mbele yake, kwani hadithi haikumtaja kila mwenye miguu minne na mkia. Dhabu, yule mjusi mkubwa wa jangwani mwenye mkia wa miba, kwa mfano, ana habari yake mbali kabisa: Mtume alipoandaliwa dhabu hakumla, akaeleza kuwa si mnyama wa nchi ya watu wake, na Khalid bin Walid akamla hapo hapo mbele yake bila kukatazwa. Kama dini yenyewe imewatenganisha, sisi tunawachanganyaje?

Na dhabu ndiye anayechanganywa kuliko wote. Familia imejenga kwenye kiwanja kipya upande wa Adam au Ibri, penye tambarare ya changarawe, na asubuhi moja mjukuu anapiga mbio kutoka nje.

"Bibi, kuna kenge nyuma ya tangi la maji!"

"Kenge wa wapi huku, mwanangu? Mkia wake una miba?"

"Ndiyo, bibi, mzima mzima!"

"Basi huyo dhabu. Mwache aote jua."

Bibi ameuliza swali lenyewe. Mkia wa dhabu ni mnene na umezungukwa na pete za miba kuanzia nyuma ya mapaja hadi ncha. Mwili wake ni mpana, kichwa kifupi cha mviringo, na anaweza kufika sentimita 70. Asubuhi ya baridi utamkuta mweusi mweusi, amejilaza bapa ili jua limpate kila mahali. Akishapata moto hubadilika, akawa wa manjano ya mchanga. Hapo ndipo watu hubishana kwamba kiwanjani kuna wawili. Chakula chake kikubwa ni majani, na chumvi iliyozidi mwilini huitoa puani, ndiyo maana utaona unga mweupe kwenye matundu ya pua yake. Si ugonjwa, na hahitaji kuogeshwa. Akisogelewa hukimbilia shimoni na kuacha mkia mlangoni, na mkia huo ukipiga mguu wa mtu, mtu atakumbuka. Amewindwa sana kwa gari na kwa mitego, na leo yuko katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mwenye shimo la dhabu kiwanjani mwake ana jirani aliyekuwapo kabla ya hati ya ardhi. Kamwe asilizibe kwa zege. Wanaoishi upande wa Masira wana jamaa yake mdogo, mwenye mkia mfupi na mpana uliokaribia kuwa duara, na huyo huwezi kumfananisha na mwingine yeyote.

Kenge wa kweli wa jangwani, waral, yupo pia. Shingo yake ni ndefu, ulimi umegawanyika kama wa nyoka na hutoka kila mara, mkia ni mrefu mwembamba usio na miba, na anaweza kupita mita moja. Huja kwa sababu ya mayai ya kuku au panya. Usimfungie kwenye kona, kwani huuma na huchapa. Mwachie mlango wazi na ondoka njiani. Kumuuza nje ya nchi kibiashara kumekatazwa katika mkataba wa kimataifa, na hana faida sebuleni kwa mtu.

Waliojenga karibu na wadi, kama Al Amerat, wataona rangi. Kichwa cha buluu juu ya jiwe katika msimu wa kupandana ni dume la mjusi wa mawe. Mwili wa buluu na mkia wa rangi ya chungwa juu ya kichaka cha mgunga ni dume la ukoo huohuo, wa tambarare. Mkia wa buluu peke yake, kwa mjusi mwembamba mwepesi karibu na maji, ni Omanosaura cyanura, asiyepatikana nje ya milima ya Oman na Imarati. Ndugu yake mkubwa, Omanosaura jayakari, ana jina la Atmaram Jayakar, daktari kutoka India aliyehudumu Maskati miaka ya mwisho ya karne ya 19 na kupeleka wanyama wengi kwenye makumbusho ya London. Hata mbuzi mwitu wa milima hii ana jina lake. Mtu alikuja kutibu homa, akawa na macho ya kutazama ukuta.

Kwenye mchanga wa Sharqiya, anayejitikisa na kuzama papo hapo, mwenye mkia anaoukunja na ncha yake nyeusi, ni Phrynocephalus. Laini anayeng'aa, anayepiga mbizi mchangani na kutokea mbali, ni samaki wa mchanga kama Waarabu wengi wamwitavyo.

Bustanini ndipo pa kuwa makini. Chini ya chungu cha maua anaweza kuwapo mjusi mwenye ngozi nyororo na miguu midogo mno, Chalcides, ambaye mara nyingi hupondwa kwa jiwe kwa kudhaniwa nyoka. Tafuta miguu, lakini kwa kutazama ukiwa mbali. Usipoiona, usisogee ili uhakikishe. Nyoka mdogo mnene aliyejikunja na kusugua magamba yake hadi yakatoa sauti kama ya mafuta kikaangoni ni kipiribao wa huku, Echis, na sumu yake huua. Watoto waingie ndani, mlango ufungwe. Akiwa ameshamgonga mtu, piga 9999, mgonjwa atulie, kiungo kisikatwe wala kufungwa kamba, na safari iwe ya hospitali moja kwa moja. Picha iliyopigwa kwa mbali itamsaidia daktari; nyoka mwenyewe ndani ya chupa hahitajiki.