Rungu Huchaguliwa kwa Mkono

Siku ya mnada Kisongo, jirani na Arusha, kabla hujafika kwenye ng'ombe, unawapita wauza shuka, wauza ugoro na mafundi wa makatambuga, na mahali fulani kati yao marungu yamelazwa juu ya gunia, vichwa upande mmoja. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapouharibu mchezo wao kabla hawajarusha hata mara moja. Wanaokota lile linalong'aa kuliko mengine, wanalizungusha hewani, wanapigwa picha, wanalipa. Wakifika uwanjani wanakutana na kijana mchunga mbuzi mwenye rungu la rangi ya tope. Kijana anaangusha kopo, wao wanaingia kwenye miiba kutafuta la kwao.

Hao ndio ninaowaandikia. Nitawatania, maana wanastahili, ila ushauri ni wa dhati na nimeupenda mchezo huu kiasi cha kukasirika ninapoona unachezwa na chombo kibovu.

Kurusha rungu ni mchezo kamili, tena una jukwaa lake. Tangu mwaka 2012, huko Kimana upande wa Kenya, chini ya Kilimanjaro, morani wa eneo la Amboseli hukutana kwenye Olimpiki ya Wamasai. Ilianzishwa ili vijana wapate heshima kwa medali badala ya kuipata kwa kuua simba, na mlezi wake ni David Rudisha, Mmasai mwenye rekodi ya dunia ya mita 800, dakika 1 na sekunde 40.91, aliyoiweka London mwaka huohuo wa 2012. Humo wanakimbia, wanaruka juu, wanarusha mkuki kwa umbali na rungu kwa shabaha. Wamasai wa kundi la Kisongo wako pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo mtu wa huku asiione habari ile kuwa ya majirani. Ni ya kwake.

Basi, ukiinama kwenye gunia, funga macho. Nasema kweli: yafumbe. Macho ndiyo yaliyokupeleka kwenye lile linalong'aa. Weka kiwiko chako kwenye kitako cha mpini na unyooshe mkono kuelekea kichwani. Rungu la kurusha liwe na urefu wa dhiraa yako, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, au lizidi kwa upana wa vidole vitatu. Dhiraa ya mtu mzima ni kama sentimita 46. Kule Oxford, Uingereza, na vijiji vinavyouzunguka mji ule, watu hucheza baani mchezo uitwao Aunt Sally: kila mchezaji ana vijiti sita vya kurusha, na shabaha ni kigingi cheupe kilichokaa juu ya chuma, umbali wa mita 9 hivi. Vijiti vile vina urefu wa sentimita 46. Watu wa Oxford hawakuja Kisongo kuuliza, wala watu wa Kisongo hawakwenda Oxford. Mkono wa binadamu ndio ulioamua kotekote. Rungu refu kuliko hapo hupiga magoti na nyasi, na fupi kuliko hapo halizunguki vizuri hewani.

Sasa unene wa mpini. Ukiuzungushia kiganja, ncha ya kidole cha kati iguse nyama ya chini ya dole gumba, iguse tu, isiizidi. Mpini mwembamba utakulazimisha ubane. Mpini mnene hautaki kuachia. Vijana wa mjini wanaoshuka kutoka Njiro na Sakina wamezoea kudhani kwamba kinachojaza mkono ndicho cha kiume. Kinachojaza mkono ni mzigo, na nguvu unayoitumia kukamata hutaipata tena ya kurushia.

Wacheza bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito kuangusha pini kumi, wamelishughulikia jambo hili kuliko mtu yeyote. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza ni mita 18.29, na mpira hauruhusiwi kuzidi ratili 16, yaani kilo 7.26. Mchezaji makini hachukui mpira wenye matundu ya kila mtu. Fundi humpima nafasi iliyopo kati ya dole gumba na kidole cha kati na cha pete, akapima unene wa kila kidole, ndipo akatoboa. Tundu la dole gumba likiwa pana, mchezaji hubana ili mpira usimponyoke, na mkono uliobana hauachii mahali pamoja mara mbili mfululizo. Halafu wapo wanaonunua ratili 16 kwa sababu tu ndiyo namba kubwa kabisa. Hao wana ndugu zao Kisongo. Utawatambua kwa rungu lenye kichwa kikubwa kama kiazi cha Kilimanjaro na bega linalouma tangu juzi.

Uzito, basi. Nyoosha mkono mbele, rungu likilala sambamba na ardhi, kisha hesabu taratibu hadi ishirini. Kichwa kikianza kutetemeka au kushuka, lirudishe. Usibishane na mkono wako. Shabaha hutokana na kurudia tendo lilelile, na kurusha kwa kumi lazima kufanane na kwa kwanza. Rungu zito litakupa mrusho mmoja wa kusifiwa, kisha mingine tisa ya kuokoteza.

Jaribio la mizani ndilo ninalolipenda zaidi, na wauzaji wazuri hufurahi wakiona unalifanya. Laza rungu juu ya kidole cha shahada na ulisogeze mpaka litulie bila kuanguka. Mahali linapotulia pawe karibu na kichwa, kiasi cha robo ya urefu wote kutoka huko. Likitulia katikati, ulichoshika ni fimbo iliyovimba. Sababu yake haina uchawi: rungu likiwa hewani, sehemu ile ya mizani ndiyo inayofuata njia uliyoipangia, na vingine vyote vinaizunguka. Ikiwa karibu na kichwa, kichwa kinakwenda karibu sawa na ulikokitazamisha na mpini ndio unaozunguka. Ikiwa katikati, ncha zote mbili zinazunguka sawasawa na hakuna ajuaye ipi itafika kwanza.

Kuhusu mti nitakawia kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotea. Rungu la kweli huchongwa pale shina linapokutana na mzizi, au tawi linapotoka kwenye shina, ili kichwa na mpini viwe mwili mmoja. Litazame shingoni. Nyuzi za mti zinapaswa kutiririka kutoka mpini na kuingia kichwani bila kukatika. Rungu lililochongwa kwenye ubao lina nyuzi zilizokatwa shingoni, na hapo ndipo litakapovunjika, kwa kawaida siku ambayo watu wengi wanakutazama. Mti unaosifiwa zaidi katika nyanda hizi ni oloirien, mzeituni wa porini unaoota kwenye misitu mikavu ya milimani. Ni mti huohuo ambao moshi wa vijiti vyake husafisha vibuyu vya maziwa. Ni mgumu, mzito, na ukishikwa sana unakuwa laini wenyewe.

Kuna mpingo pia, na kuna kiwi ya viatu. Mpingo ni mzito kiasi kwamba huzama majini. Kiwi ya viatu huja mkononi. Lowesha dole gumba kwa mate, sugua mpini kwa nguvu, kisha tazama dole. Likiwa jeusi, umeuziwa mti mwepesi uliovalishwa suti. Marungu ya namna hiyo yamejaa kando ya barabara hii inayopeleka magari ya watalii Makuyuni na mbugani, na sina ugomvi nayo: yananing'inizwa ukutani huko ng'ambo na mwenye nyumba anafurahi. Ugomvi wangu ni na mtu wa Arusha anayenunua moja, akalileta uwanjani, kisha akalaumu upepo.

Shanga nazo. Rungu lililovishwa shanga mpini mzima ni zuri, limemchosha macho mama aliyelifanyia kazi, na halifai kurushwa. Shanga hukwaruza kiganja, uzi ukikatika zinamwagika, na mpini unateleza kwa jasho. Lishike kwenye sherehe ucheze nalo vizuri. Na olkuma, lile jeusi analoshika laigwanani, kiongozi wa rika, hilo hata usiulize bei. Ni alama ya uongozi. Mwenye nalo amekabidhiwa na rika lake, na linanyanyuliwa panapotolewa neno. Anayetaka kulirusha kwenye kopo la maziwa ya unga atafute kwanza mzee wa kumfundisha adabu.

Mwisho wa gunia utaona rungu la nati: kijiti kilichopachikwa nati kubwa ya chuma au gia iliyotolewa kwenye gari bovu. Vijana wanalipenda. Ni silaha, wala si chombo cha mchezo. Chuma hulegea kwenye mti mti ukikauka, na siku kitakapochomoka kitamwendea mtu. Pita.

Kununua kwenyewe kuna adabu yake. Usimpokonye mzee rungu mkononi ukaanza na bei.

"Shikamoo, papaa."

"Marahaba. Unataka la kutembelea au la kurusha?"

"La kurusha. Naomba nipime."

"Pima. Hilo lako fupi. Chukua lile la nyuma."

Muuzaji anayekuuliza swali lile la kwanza mshike, na ukirudi mnada ujao mrudie yuleyule. Asiyeuliza, anayekuambia kila rungu ni lako, ana haraka ya kufunga gunia. Ukimpata yule wa kwanza, nunua mawili yaliyofanana uzito na urefu, kwa kuwa mwenye moja hupoteza mazoezi yake yote akitembea kwenda kuliokota.

Usilirushe wiki hiyohiyo kama mti bado mbichi. Utaujua kwa ubaridi wake shavuni na kwa harufu. Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha, ndiyo maana nyufa huanzia kichwani na kwenye kitako. Paka mafuta ncha zote mbili, ya kondoo au samli, liweke kivulini penye hewa, uligeuze kila baada ya siku chache. Usilianike juani juu ya bati, na usiliegemeze karibu na jiko. Likikauka, ligonge taratibu kwenye jiwe: zima hutoa sauti kavu inayolia, lenye ufa wa ndani hutoa sauti ya kukohoa.

Mavazi yatasemwa kwa kifupi. Shuka likiwa la rubega, fundo likae bega la mkono usiorusha. Nimeona watu wakirusha rungu na shuka kwa pamoja. Makatambuga yakatwe kwa kuchorwa mguu wako ukiwa umesimama, kwa sababu mguu ulioketi ni mfupi, na mkanda wa kisigino ubane kiasi cha kupitisha kidole kimoja. Mrushaji hukanyaga mbele kwa mguu ulio kinyume na mkono wake, na kiatu kikiteleza hapo, hesabu zote nilizokupigisha zimeharibika. Na ukisafiri kwa ndege kutoka uwanja wetu wa hapahapa Kisongo, rungu liende kwenye mzigo wa chini. Ukiingia nalo kwenye begi la mkononi, mkaguzi atalichukua, na yuko sahihi.

Kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wanafunzi wetu hurusha mkuki, tufe na kisahani. Ningetamani sana siku moja warushe rungu pia, wasichana kwa wavulana, kwa sheria zilizoandikwa na hatua zilizopimwa. Vifaa viko gunia kwa gunia kwenye mnada, na walimu wake wako malishoni.

Wakati tunasubiri, tafuta uwanda usio na mtu wala mfugo nyuma ya shabaha, tena utazame mara mbili, maana ndama hulala nyasini. Weka kopo juu ya jiwe kwa hatua kumi. Simama ubavu, tazama chini ya kopo badala ya katikati yake, rusha, na uache mkono umalizie safari yake hadi kwenye paja. Rusha yote mawili, okota, rudia mpaka utimize kumi. Alasiri upepo ukianza kuvuma na kuinua vumbi, endelea bila kufidia chochote mpaka ujue kwa hakika rungu lako linasukumwa upande gani na kiasi gani. Ukiangusha makopo manane kati ya kumi, rudi nyuma hatua tano. Ukiangusha mawili, sogea mbele hatua tatu, na usiende kununua rungu jingine.